UZI: Chakula na vinywaji vibaki baridi kwenye mashua ndogo ya tanga (barafu, sanduku, friji ya betri)

NgamaKavu (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Uzi huu ni kwa wenye vyombo vidogo vya tanga, mita 6 mpaka 10, iwe mashua ya mbao au boti ya faiba yenye kijumba. Tuchukue safari ya kawaida: watu wanne, siku nne, Dar kwenda Mafia na kuzunguka Chole, au Tanga kwenda Pemba na kurudi. Hewa nyuzi 30, bahari nyuzi 27 au 28. Tunataka kujua kilo ngapi za barafu, sanduku la namna gani, na kama friji ina maana au haina.

Nianze na jambo ambalo wengi hulipita. Barafu haitoi baridi, inameza joto. Kilo moja ikishayeyuka yote imemeza kilojuli 334, na hapo kazi yake karibu imekwisha. Kwa hiyo ukitaka kujua barafu itafika siku ya ngapi, hesabu joto linaloingia. Linaingia kwa njia tatu: linapenya kuta, linapita kwenye kifuniko, na jingine unalipakia mwenyewe pamoja na soda za dukani.

Kuta kwanza. Sanduku lenye nafasi ya ndani sentimita 60 kwa 40 kwa 40 ni lita 96. Nje nyuzi 30, ndani nyuzi 2:

– povu jeupe la punjepunje (lile linalokuja kwenye boksi la TV) unene sm 3: karibu kilo 12 za barafu kwa siku
– poliuretani ngumu sm 5: karibu kilo 6
– poliuretani ngumu sm 10: karibu kilo 3 na nusu

Hizo ni kuta peke yake, kifuniko kikiwa kimefunga vizuri na hakuna anayefungua. Tazameni tofauti ya mstari wa kwanza na wa tatu. Kwa siku nne ni kilo 48 dhidi ya kilo 14. Deli (sanduku la barafu la plastiki) la bei nafuu linalouzwa mjini mara nyingi liko karibu na mstari wa kwanza, na kifuniko chake huwa kitupu ndani, hewa tu kati ya plastiki mbili. Toboa tundu dogo, jaza povu la kopo, ziba. Kazi ya nusu saa.

Vinywaji sasa. Kushusha lita moja kutoka nyuzi 30 hadi 5 kunakula barafu gramu 310 hivi. Kreti moja ya soda 24 za mililita 300 inakula kilo 2 na robo, na chupa zenyewe za kioo karibu nusu kilo nyingine. Ukizipoza kwenye friji ya nchi kavu usiku mmoja kabla ya kuondoka, umeokoa karibu kilo 3 bila kununua chochote.

Hesabu ya siku nne kwa sanduku la sm 5: kuta kilo 6, kifuniko na kufungua-fungua kilo 1 na nusu, jumla 7.5 mara 4 ni kilo 30. Kreti moja ya soda isiyopozwa, kilo 3. Akiba ya upepo kukata, kilo 5. Tia kilo 38. Chini ya hapo siku ya nne mtakunywa maji ya vuguvugu na nyama itakuwa imeanza kuwaharibikia.

---

Mzee wa Joshi

Hesabu imekaa sawa, mkuu. Naongeza ya kifuniko, maana hapo ndipo masanduku mengi mazuri yanapoharibiwa.

Kifuniko kiwe juu, si ubavuni. Hewa baridi ni nzito. Mlango wa ubavuni ukifunguliwa inamwagika miguuni kama maji. Unene wake uwe sawa na wa kuta, maana wengi huweka sm 10 pembeni na sm 2 juu. Mpira wa kuzibia uwe mistari miwili, mmoja ndani mmoja nje, ili katikati pabaki hewa iliyotulia. Kupima: weka ukanda wa karatasi kwenye mdomo, funga, uvute. Ukitoka bila kukaza, hapo panavuja. Zunguka mdomo wote.

Weka komeo mbili, si moja. Chombo kikilala kwenye upepo mzito, chupa zinasukuma kifuniko kutoka ndani, na kifuniko kilichoachia milimita 3 usiku kucha kinamaliza barafu ya siku nzima.

Mahali pa sanduku: katikati ya chombo, chini, karibu na mkuku (uti wa chini wa chombo). Kilo 40 za barafu na 30 za chakula zikiwa omo (mbele), chombo kinachimba mawimbi. Zikiwa tezi (nyuma) karibu na mashine, mashine inaziyeyusha. Kwa mashua isiyo na sitaha, weka chini ya benchi, funika na turubai jeupe lililoloweshwa maji ya bahari, na acha nafasi ya vidole vinne upepo upite kati ya turubai na sanduku. Jua la moja kwa moja kwenye sanduku la buluu au jekundu linapandisha ukuta wa nje kupita nyuzi 50, na hesabu ya mkuu hapo juu ilichukua 30.

Tena, kuna ushauri unaotoka Ulaya kwamba vinywaji viwekwe kwenye ngama (sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo) au vining'inizwe majini ndani ya wavu. Kule bahari ina nyuzi 15, ushauri una maana. Huku bahari ni 27. Utapata soda ya nyuzi 27. Ngama inafaa kwa vitunguu, viazi na makopo, kwa sababu ni nafuu kuliko juu kwenye jua, lakini haipozi kitu.

---

Upepo wa Matlai

Na mtungi je? Au chupa kuifunga kitambaa chenye maji? Wazee walisafiri hivyo.

---

Mzee wa Joshi

Mtungi unapoza kwa maji kufuka kupitia udongo, na hewa ikishajaa unyevu hayafuki. Pwani yetu, hewa nyuzi 30 na unyevu asilimia 75, kikomo ni kama nyuzi 26. Kwa maji ya kunywa hiyo ni raha kubwa, na mtungi hautaki betri. Uweke kivulini upande unaopata upepo, ukalie kata ya kamba usipasuke. Kwa nyama, maziwa au samaki haufai hata kidogo, maana hivyo vinataka chini ya nyuzi 5.

---

BintMkoani

Asanteni kaka zangu. Barafu ipi ni bora: mabonge ya kiwandani, ya kusaga, au chupa za maji tulizogandisha nyumbani? Na yale maji yaliyoyeyuka tuyamwage au tuyaache? Kila mtu anasema lake.

---

NgamaKavu

Dada, kila moja ina kazi yake.

Bonge kubwa linakaa zaidi kwa sababu uso wake ni mdogo kulinganisha na uzito. Tumia kama akiba ya siku ya tatu na ya nne, liwe chini kabisa. Barafu ya kusaga inapoza haraka kwa sababu inagusa kila kitu, na inakwisha haraka kwa sababu hiyo hiyo. Ni ya samaki na ya kushusha joto la siku ya kwanza. Kumbuka barafu ya soko la samaki imetengenezwa kwa ajili ya samaki. Usiitie kwenye glasi.

Chupa za lita 1.5 ndizo ninazozipendekeza kwa safari fupi. Jaza mpaka lita 1.35 tu, maana maji yakiganda yanaongezeka karibu asilimia 9. Chupa 24 ni kilo 32. Hazilowanishi chakula, na zikiyeyuka ni maji ya kunywa ambayo ungeyabeba hata hivyo. Ubaya wake ni kwamba friza ya nyumbani haigandishi chupa 24 kwa usiku mmoja. Tia sita sita kwa siku, anza siku nne kabla. Itikise: ukisikia maji yanacheza katikati, haijaiva. Na usigandishe kwenye mifuko. Inapasuka ikigongana, na barafu yake inayeyukia kwenye chakula.

Sanduku lenyewe lipozwe kwanza. Jioni ya kuamkia safari tia kilo 5 za barafu ya bei rahisi, funga, asubuhi mwaga, ndipo upakie. Povu na plastiki iliyoshinda stoo ina joto lake, na usipolitoa mapema litatolewa na barafu ya safari.

Kuhusu maji, kwa maoni yangu acha humo humo. Yana nyuzi moja au mbili na yanagusa chupa pande zote.

---

FundiBaridi_TA

Hapo kwenye maji sikubaliani nawe mkuu, na nitaonyesha kwa namba. Lita 5 za maji ya nyuzi 1 zikipanda mpaka nyuzi 5 zinameza kilojuli 84 tu. Hiyo ni robo kilo ya barafu. Ukiyamwaga umepoteza robo kilo. Ukiyaacha, pakiti ya nyama inaogelea, damu inatoka, maji yanakuwa supu ya vijidudu, na kila kilicholowa kinaharibika. Kwa sanduku la chakula, mwaga kila asubuhi.

---

NgamaKavu

Namba hizo nazikubali. Basi tuseme hivi: sanduku la vinywaji peke yake, maji yabaki, kwa sababu chupa iliyozama kwenye maji ya barafu inapoa haraka mara nyingi kuliko iliyozungukwa na hewa baridi. Sanduku la chakula, yatoke. Na hiyo ndiyo sababu ya kuwa na masanduku mawili. La vinywaji linafunguliwa mara thelathini kwa siku, la chakula mara tatu. Ukiviweka pamoja, nyama inalipa gharama ya soda.

---

FundiBaridi_TA

Hapo tuko pamoja. Niongeze ya tundu la kutolea maji. Mpira wa maji uwe mwembamba, mm 12 unatosha, na ukunje mkunjo kama wa bomba chini ya sinki, ili maji yabaki humo na kuziba. Bila mkunjo hewa baridi inashuka na kutoka usiku na mchana. Na usiuelekeze kwenye ngama! Maji ya nyama na samaki kwenye ngama yananuka ndani ya siku mbili na harufu haitoki kwenye mbao. Yatoe kwenye galoni umwage baharini.

---

Fundi_Faiba

Kwa wanaotaka kujijengea sanduku ndani ya boti, nitaje makosa matatu ninayoona kwenye masanduku yanayoletwa kutengenezwa.

La kwanza ni resini. Resini ya kawaida ya poliesta inayeyusha polistireni. Ukiipaka juu ya povu jeupe au lile la rangi la vibao vya kuhami joto, povu linazama na kuwa shimo. Ukitumia polistireni, paka epoksi. Ukitaka kutumia poliesta, povu liwe poliuretani.

La pili ni mvuke. Hewa ya nje ina joto na unyevu, na unyevu unatembea kuelekea kwenye baridi. Ukiziba ndani tu na nje ukaacha povu wazi, mvuke unaingia, unaganda au kuwa maji katikati ya povu, na baada ya msimu mmoja au miwili povu limelowa. Povu lililolowa halizuii joto, na halikauki. Kwa hiyo zuio la mvuke (karatasi ya aluminiamu iliyobandikwa kwa tepu yake, au koti la epoksi) liwe upande wa nje, kwenye joto. Ndani weka faiba kwa ajili ya usafi na nguvu.

La tatu ni povu la kopo. Ni zuri kwa kujaza nyufa. Kujaza ukuta mzima kwa povu la kopo ni hasara: linaacha mapango usiyoyaona na linanyonya maji. Tumia vibao vilivyokatwa, tabaka mbili za sm 5, viungo vya tabaka ya juu visikutane na vya chini, nyufa ndogo ndiyo ujaze kwa kopo.

Hatua zenyewe: jenga ganda la nje kwa plaiwudi mm 6 iliyopakwa epoksi pande zote, bandika zuio, panga povu, weka kuta za ndani za plaiwudi mm 4, piga faiba tabaka mbili, pembe za ndani zizungushwe kwa upana wa kidole gumba ili kitambaa kifike. Sakafu iwe na mteremko kuelekea kwenye tundu. Sakafu ndiyo iwe na povu nene kuliko kote, maana barafu inakaa hapo na chini yake kuna ngama ya nyuzi 28.

Na usisahau kwamba sm 10 pande zote zinakula nafasi. Sanduku la ndani 60 kwa 40 kwa 40 linakuwa 80 kwa 60 kwa 60 nje. Pima kijumba kabla hujakata mbao.

---

BintMkoani

Sasa samaki. Tukivua nguru au jodari njiani, tunamtupa tu juu ya barafu?

---

Baharia_Kilwa

Hapana dada, na hapa naomba kila mtu asome kwa makini.

Jodari, kibua, nguru na jamaa zao wana kitu katika nyama ambacho vijidudu hukigeuza kuwa histamini samaki akikaa kwenye joto. Ikishatokea, haiondoki kwa kukaanga, kuchemsha wala kugandisha, na mara nyingi huwezi kuigundua kwa macho wala pua. Mlaji anawashwa, uso unakuwa mwekundu, kichwa kinagonga, wengine wanatapika na kuharisha. Kwa mwenye pumu inaweza kuwa mbaya zaidi. Dawa yake ni kutoiruhusu ianze.

Fanya hivi. Samaki akipanda tu, mpige kichwani, kata mishipa chini ya matamvua, aning'inizwe kichwa chini dakika tano damu itoke. Toa matumbo na matamvua. Suuza kwa maji safi ya bahari. Jaza tumbo barafu ya kusaga, kisha mlaze kwenye uji wa barafu: barafu sehemu mbili, maji ya bahari sehemu moja. Maji ya bahari yanaganda karibu nyuzi 2 chini ya sifuri, kwa hiyo uji huo unapoza kuliko barafu isiyo na maji, na unagusa samaki mzima. Kwa samaki mnene wa kilo 10 au zaidi, kata vipande kwanza, maana joto la katikati karibu na mfupa linachukua saa nyingi kutoka.

Kiasi: kilo 10 za samaki kutoka nyuzi 28 hadi sifuri zinakula karibu kilo 3 za barafu kwa kupoa tu. Kwa kutunza, tumia kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Sasa rudini kwenye bajeti ya NgamaKavu: jodari mmoja wa kilo 15 anamaliza akiba yote. Kama hamna barafu ya ziada, vueni wa kula siku hiyo hiyo, wadogo, na mshipi muurudishe ndani.

Tena awe na chombo chake. Ndoo yenye kifuniko ndani ya sanduku, au deli dogo la peke yake. Asigusane na chakula kilichokwisha kupikwa.

---

Mama Sufuria

Nami nizungumzie jikoni, maana nusu ya barafu mnayobeba ni kwa vitu visivyoihitaji.

Havitaki barafu kabisa: vitunguu, viazi, kabichi (bandua majani ya nje yanayochakaa, usikate kwa kisu), karoti, ndimu, nazi, embe mbichi, achari, samli badala ya siagi, maziwa ya pakiti yasiyofunguliwa, ng'onda. Mayai pia, ila yawe hayajawahi kuingia friji wala kuoshwa. Yai lililotoka kwenye baridi likikaa kwenye joto linatoa jasho na uchafu unapenya gamba. Nyanya chagueni za aina tatu: zilizoiva, zinazoanza kuwa nyekundu, na za kijani, kila siku zitumike zake.

Vinavyotaka barafu: nyama, kuku, maziwa yaliyofunguliwa, mtindi, na chakula kilichopikwa.

Pikeni mchuzi na maharage nyumbani, mgandishe kwenye makopo bapa ya mraba. Yanapangika kama matofali, yanafanya kazi ya barafu siku mbili za mwanzo, kisha yanaliwa. Nyama mbichi nayo igandishwe, ikatwe vipande vya mlo mmoja mmoja. Mpango wa kupanga: chini mabonge, juu yake vilivyoganda, kila siku na mlo wake, mlo wa mwisho chini. Kuku na nyama mbichi chini ya vilivyopikwa, kwenye makopo yenye kifuniko cha kukaza. Mboga za majani juu kabisa, zimefungwa taulo. Zikigusa barafu zinaungua na kuwa nyeusi.

Wali na pilau ndivyo vinavyowadhuru wengi. Wali uliopikwa ukikaa na joto saa nyingi unaota vijidudu vyenye sumu isiyokufa kwa kupasha. Wa nazi ndiyo mbaya zaidi, unachacha hata kabla ya usiku. Ama pikeni wa kuisha, ama muutandaze kwenye sinia upoe, uingie kwenye sanduku ndani ya saa mbili. Usiingize sufuria ya moto. Sufuria ya kilo 3 ya wali wa moto inakula kilo mbili za barafu.

Na bandikeni karatasi juu ya kifuniko yenye orodha ya kilichomo na kiko kona ipi. Mtu akifungua ajue mkono unaenda wapi.

---

Nanga Juu

Wakuu, mimi nataka kuachana na barafu. Nina betri mbili za asidi za Ah 100 (ampea-saa) na paneli ya wati 100. Nimeona friji ndogo za kuchomeka kwenye tundu la gari ni rahisi sana. Zinafaa?

---

FundiBaridi_TA

Zile za bei rahisi zisizo na kompresa, zenye kibao cha umeme na feni, usinunue. Zinapoza nyuzi 20 hivi chini ya hewa ya nje zikijitahidi, na zinavuta ampea 4 hadi 5 bila kupumzika. Hiyo ni karibu Ah 100 au zaidi kwa siku kwa kinywaji cha nyuzi 10.

Friji za gesi ya kupikia pia ziache. Zinataka zikae wima, na chombo cha tanga kinalala. Halafu gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, ikivuja inajikusanya kwenye ngama ikisubiri cheche.

Kinachofaa ni kompresa ya volti 12, mfano familia ya BD35 (zamani ya Danfoss, sasa Secop), yenye bamba la kupozea ndani ya sanduku lako mwenyewe. Matumizi yanafuata povu kabisa. Kwa lile sanduku la lita 96 katika joto letu, tarajia takriban:

– sm 10: Ah 33 kwa siku
– sm 5: Ah 45
– sm 3 za povu jeupe: Ah 85, na kompresa karibu haizimi

Sasa kwako, mkuu. Betri za asidi usizishushe chini ya nusu, kwa hiyo una Ah 100 za kutumia. Paneli ya wati 100 iliyolazwa bapa inakupa Ah 25 hadi 28 kwa siku ya jua zuri, na kivuli cha tanga kikiangukia kona yake moja, mapato yanaanguka kuliko ukubwa wa kivuli chenyewe. Unahitaji wati 200, paneli mbili pande mbili, ili tanga likiziba moja nyingine ifanye kazi. Kwa sanduku la sm 5 na siku mbili za mawingu, betri zako zinafika mpaka wake. Kama huna fedha ya vyote, nunua povu kwanza, kisha paneli, kisha kompresa.

Mambo ya kufunga:

Waya. Kwa volti 12, urefu wa mita 2.5 kutoka betri unataka mm² 2.5, mita 4 unataka mm² 4, mita 6, mm² 6. Waya mwembamba ndio ugonjwa namba moja. Betri ina volti 12.4, kompresa inapoanza inaona volti 10 na kitu, inajizima kulinda betri, inajaribu tena, inajizima. Mtu anabadilisha betri mbili kabla ya kubadilisha waya. Pima kwenye vituo vya kompresa yenyewe wakati inaanza, usipime kwenye betri. Ichukue umeme wake moja kwa moja kutoka betri, na fyuzi karibu na betri, isipite kwenye swichi ya taa.

Hewa. Kompresa iliyofungiwa kabatini inapumua joto lake yenyewe. Toboa chini pa kuingilia na juu pa kutokea, kila tundu upana wa sm 10. Piga brashi mapezi ya kutolea joto kila mwezi, chumvi na vumbi vinashikana.

Barafu kwenye bamba. Ikifika unene wa mm 5 inaanza kuwa blanketi. Izime, weka bakuli la maji ya moto ndani, subiri. Ukichokoa kwa kisu unatoboa aluminiamu, gesi inatoka yote, na bamba halizibiki vizuri.

Kasi. Kwenye BD35F, kinzani kwenye waya wa thamostati (kidhibiti joto) kati ya kituo C na T ndicho kinachopanga mizunguko: bila kinzani (ohmu 0) ni 2000 kwa dakika, ohmu 277 ni 2500, ohmu 692 ni 3000, ohmu 1523 ni 3500. Kwa sanduku zuri iache 2000 au 2500. Inavuta umeme kidogo.

---

Nanga Juu

Shukrani mkuu. Je, chupa zilizoganda naweza kuziweka ndani ya sanduku lenye friji?

---

FundiBaridi_TA

Ndiyo, na ni jambo zuri. Chupa sita zilizoganda kilo 8 zina kilojuli 2,700 hivi, sawa na siku moja nzima ya joto la sanduku la sm 5. Mchana jua linapowaka na betri zimejaa, shusha thamostati ziendelee kuganda. Usiku ipandishe, kompresa itulie. Unahifadhi jua kwenye barafu badala ya kununua betri nyingine. Ila chupa zigusane na bamba, zikikaa mbali hazigandi. Usisogeze karibu na bamba kitu kisichotaka kuganda, hasa mayai na soda.

---

Upepo wa Matlai

Chumvi kwenye barafu inasaidia? Na mwenye insulini afanye nini humo?

---

NgamaKavu

Chumvi inashusha joto chini ya sifuri, lakini barafu inayeyuka haraka zaidi. Inafaa ukitaka soda ipoe ndani ya robo saa. Haiongezi muda hata saa moja. Na uiangalie: soda ya kioo ikisahaulika kwenye barafu ya chumvi inapasuka.

Insulini ambayo haijafunguliwa inataka nyuzi 2 hadi 8 na haitakiwi kuganda kabisa. Ikishaganda ni ya kutupwa hata kama inaonekana sawa. Kwa hiyo isiguse barafu wala bamba. Iweke kwenye kopo lisiloingia maji, ifungwe taulo, iwe tabaka la juu, na kipimajoto kidogo pembeni yake. Ile iliyokwisha kufunguliwa nyingi zinavumilia joto la kawaida wiki kadhaa, lakini kikomo kinatofautiana kwa aina. Soma karatasi yake au uliza mfamasia kabla ya kung'oa nanga. Na igawanywe mahali pawili, sanduku moja likiharibika nyingine ibaki.

---

Nanga Juu

Swali la mwisho. Rafiki ana BD35 tayari, ina kitaa kidogo chekundu kinachomulika mara mbili, kinanyamaza, kinamulika mara mbili tena. Kompresa haiwaki.

---

FundiBaridi_TA

Kitaa hicho ndicho daktari wenu, hesabuni mimuliko. Mmoja: volti ndogo, nenda kwenye waya na viungo. Miwili: feni inavuta umeme kupita kiasi. Mitatu: mota imeshindwa kuanza, ama shinikizo bado halijasawazika, subiri dakika tano ujaribu, ama kuna kasoro ndani. Minne: mota imeelemewa, haifikii mzunguko wa chini. Mitano: kisanduku cha elektroniki kimechemka, tazama hewa.

Huyo wa miwili achomoe waya wa feni kwenye kituo F, awashe. Kompresa ikiwaka, feni imekwama kwa chumvi au imeungua. Feni mpya iwe ya volti 12 isiyozidi nusu ampea, hata kama mfumo ni wa volti 24, kwa sababu kituo F kinatoa 12 siku zote. Wakati anasubiri kuipata anaweza kuiendesha kwa kasi ya 2000, kabati wazi, kivulini, ila isikae hivyo siku nyingi.